Kamera na filamu za kupigia picha shughuli za ukoo bila kuwavuruga watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule ndugu ambaye, shughuli ikiitishwa Mvumi, Kondoa au Area C, lazima aambiwe "usisahau kamera yako". Si kameramani wa kukodiwa mwenye taa, stendi na kijana wa kubeba nyaya. Anakaa mkekani na wenzake, anapakuliwa pilau kama wenzake, na katikati ya hayo anataka picha za mnato ambazo hakuna aliyekaa pozi. Majibu yamelenga mazingira ya Dodoma na mikoa ya kati: jua kali, vumbi, turubai la bluu na sebule yenye balbu moja.

Nianze kununua nini?

Usinunue chochote kwanza. Nenda kwenye shughuli mbili tatu mikono mitupu, uangalie mwanga unatoka wapi na watu wanakaa upande gani. Mahari hujadiliwa sebuleni jioni. Komunyo na kipaimara huishia uani saa saba mchana. Muheme hupigwa juani, akina mama wamebana ngoma kati ya mapaja. Mwanga ndio utakaokuchagulia filamu, filamu ikuchagulie lenzi, na kamera iwe ile itakayoibeba lenzi hiyo bila kelele. Wengi huanzia mwisho: wanaona kamera nzuri Instagram, wanainunua, kisha wanakuta lenzi yake haioni kitu baada ya magharibi.

Nipe jibu moja tu: filamu ipi?

Nyeusi-na-nyeupe ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga: namba ikipanda, inahitaji mwanga mdogo). Chukua Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X 400, upendavyo. Kentmere 400, ambayo hutoka kiwanda kimoja na Ilford huko Uingereza, ni nafuu zaidi na inamtosha anayejifunza.

Nimeichagua 400 kwa sababu inafaa mchana na usiku. Kwenye jua la wazi utapiga 1/500 kwa f/16, yaani shata, mlango unaopitisha mwanga, inafunguka 1/500 ya sekunde, na tundu la lenzi liko kwenye f/16 (namba ya f ikishuka, tundu linapanuka). Ukihamia kivulini, chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa jua, ni kama 1/250 kwa f/5.6. Sebuleni usiku, balbu ikiwaka, utashuka hadi 1/30 kwa f/2. Kwa kasi hiyo mkono uliotulia unampata mzee aliyeketi, lakini mtoto anayerukaruka atatoka ukungu mtupu.

Hapo ndipo filamu husukumwa. Unaiweka kamera kwenye ISO 1600 ingawa filamu ni 400, unapiga mkanda mzima hivyohivyo, halafu unamwambia anayeosha aongeze muda kwenye dawa. Ile 1/30 imekuwa 1/125. Chembe za filamu zitaonekana zaidi na vivuli vitakuwa vizito, na mimi naona sura ya babu chini ya balbu inapendeza zaidi ikiwa hivyo. HP5 Plus na Tri-X zote mbili zinavumilia kusukumwa. Zipo pia filamu za kasi kubwa kama Ilford Delta 3200 na Kodak T-Max P3200, ila bei yake ni ya juu na joto huziharibu upesi kuliko filamu za 400. Kwa hali ya hewa yetu ningeziacha.

Kwa nini nyeusi-na-nyeupe wakati vitenge vyetu vina rangi nzuri hivyo?

Kwa sababu ya turubai. Jua likipita kwenye turubai la bluu, rangi yake inashuka kwenye nyuso za wote walio chini, na hata fundi mzuri wa skana, anayegeuza filamu kuwa picha za kompyuta, ataipunguza tu, hataimaliza. La kijani ni baya zaidi. Ukiingia ndani unakuta balbu ya kizamani inayotoa uchungwa, au tyubulaiti inayotoa ukijani, au vyote viwili chumba kimoja. Filamu nyeusi-na-nyeupe haihangaiki na hayo, inaangalia mwanga na kivuli tu.

Rangi nayo ina nafasi yake. Khanga za shangazi wakicheza uani, zabibu zimejaa kwenye ndoo wakati wa mavuno, mavazi ya send-off: hizo ukizifanya nyeusi-na-nyeupe umezipunja. Kodak Portra 400 ndiyo inayosamehe zaidi, UltraMax 400 ina bei ya chini yake, na Gold 200 inatosha kwa mchana wa nje peke yake. Ukiwa na kamera moja, amua asubuhi. Kubadilisha filamu katikati ya mkanda kwa sababu mwanga umebadilika ni njia ya haraka ya kukosa picha zote mbili.

Picha zangu za nyuso zinatoka nyeusi tii. Tatizo ni filamu?

Mara nyingi ni kipimo cha mwanga. Mita ya kamera imeundwa kuamini kwamba kila inachokitazama ni kijivu cha kati. Mjomba akisimama mbele ya ukuta wa chokaa unaowaka jua, au akiwa amevaa kanzu nyeupe, mita inauona weupe mwingi, inabana mwanga, na uso unazama. Kwa hiyo usipime ukuta wala kanzu. Sogea karibu, upime uso wenyewe, au upime kiganja chako kilichosimama kwenye mwanga uleule, kisha uongeze mwanga mara mbili, maana kiganja ni cheupe kuliko kijivu cha kati. Filamu ya negativu, kama zote zilizotajwa hapa, huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, kwa hiyo kama huna uhakika, iweke kamera kwenye 200 ingawa filamu ni 400, uache anayeosha aoshe kawaida.

Kuna historia nyuma ya malalamiko haya. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na watu wenye ngozi nyeusi walitoka kwenye karatasi bila sura. Filamu za sasa ni bora sana kuliko zile. Kinachobaki ni mtu wa skana: mwambie kabla hajaanza kwamba asing'arishe nyuso. Baadhi ya studio hufanya hivyo wakidhani wanakupendelea, na bibi anarudi kwako akiwa rangi ya chai ya maziwa.

Haya, sasa kamera. Ipi iliyo kimya?

Kwanza tuziondoe zenye kelele. Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2 ni kamera imara na nzuri kujifunzia, lakini ndani zina kioo kinachoruka juu na kurudi kila unapobonyeza. Uani penye muziki wa DJ hakuna atakayesikia. Kwenye dua, au babu akitoa maneno yake ya mwisho kwa wanaomwoa binti yake, mlio ule unageuza vichwa vya chumba kizima, na kilichokufanya uinue kamera kimeshapotea.

Unachotafuta ni kamera isiyo na kioo hicho, yenye shata ndogo iliyojengwa ndani ya lenzi. Sauti yake ni tiki hafifu tu. Mbili ninazozipendekeza zinauzwa mtumba.

Canonet QL17 GIII ilitoka mwaka 1972. Lenzi yake ni milimita 40 na inafunguka hadi f/1.7, kwa hiyo sebule ya usiku haiitishi. Bila betri bado inapiga, mita ndiyo inayolala. Betri yenyewe ni kisa: ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, mita inakosea. Watu wengi hutumia betri ya vifaa vya kusikia ya aina ya 675, yenye volti 1.4, pamoja na kipete kidogo cha kuishikilia isicheze. Au unajifunza mwanga kwa macho, jambo ambalo Dodoma ya kiangazi, yenye jua lisilobadilika wiki nzima, ni rahisi kuliko unavyofikiri.

Olympus XA ni ya mwaka 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani. Ina gramu 225 hivi, inaingia mfuko wa shati, na kifuniko chake kinateleza kama sehemu ya kamera yenyewe, hivyo hakuna kofia ya lenzi ya kupotea. Lenzi ni milimita 35, f/2.8. Kitufe chake ni chepesi mno. Kidole kinagusa tu. Ubaya wake ni kwamba bila betri haipigi kabisa, na f/2.8 usiku ni finyu, kwa hiyo filamu lazima isukumwe.

Leica? Ukirithi, hongera. Shata yake ya kitambaa ni tulivu kweli. Kwa pesa za kuinunua, hata hivyo, utashinda shughuli nzima ukiilinda badala ya kuwaangalia watu.

Kamera ndogo za kujiendesha zenyewe, kama Olympus Mju II ya mwaka 1997, ni nyepesi na picha zake ni kali. Lakini kila ukiifungua inarudisha flashi ya kujiwasha. Usahau mara moja tu, na umewaka katikati ya sala.

Bajeti yangu ni ndogo na filamu ni ghali. Nifanyeje?

Angalia kamera za nusu fremu, ambazo hugawa kila nafasi ya picha mara mbili. Mkanda wa 36 unakupa 72. Olympus Pen za miaka ya 1960 ndizo maarufu, na aina nyingi za Pen EE hazihitaji betri. Mwaka 2024 Pentax ilitoa mpya kabisa iitwayo Pentax 17. Chembe zinaonekana zaidi, lakini kwa picha ya saizi ya albamu hakuna atakayelalamika.

Lenzi ya kuvuta toka mbali si ndiyo ya siri zaidi?

Ndiyo inayoonekana zaidi. Mtu aliyesimama kwenye kona ya turubai na lenzi ya urefu wa mkono anaonekana mpelelezi, na kila mama anajifunika. Milimita 35 au 40 zinakulazimisha ukae miongoni mwa watu, na ukikaa miongoni mwao wanakuzoea.

Tena lenzi fupi inakuondolea kazi ya kulenga. Weka milimita 35 kwenye f/8, umbali mita 3. Kila kilicho kati ya kama mita 2 na mita 7 kitatoka vizuri. Huna haja ya kuzungusha chochote wala kubana jicho. Unainua, unabonyeza, unashusha, unaendelea na mazungumzo. Chini ya turubai kwa ISO 400 hiyo f/8 inawezekana mpaka kama saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo ni kufungua lenzi na kulenga kwa makini.

Flashi?

Zima. Isipokuwa picha ya pamoja ya usiku, ambayo kila mtu amejipanga na anaisubiri. Hapo iwashe.

Nyumba ya bibi ni tembe, ndani ni giza mchana kweupe. Kuna namna?

Ipo, na tembe hutoa picha nzuri kuliko sebule nyingi za mjini. Mwanga unaingia mlangoni na kwenye vitundu vichache, kwa hiyo unatoka upande mmoja tu, na unachonga nyuso. Kaa chini, mgongo wako uwe karibu na ukuta wa upande wa mlango, si katikati ya mlango ambako utauziba mwanga wote. Subiri macho yako yazoee. Pima uso ulio karibu na mlango, uache nyuma yake pawe peusi. Filamu ya 400 iliyosukumwa hadi 1600 itakutosha, hasa asubuhi.

Kwa nini nisitumie simu?

Tumia. Simu haina sauti ukiizima mlio, usiku inaona vizuri, na haina gharama ya filamu. Shida yake ni ya kijamii: mtu akiiona imeinuliwa anajua picha itakuwa kwenye status ya WhatsApp kabla hajamaliza kutafuna, kwa hiyo anajitengeneza. Kamera ya filamu haina kioo cha kuonyesha, hakuna wa kusema "hebu nione, futa hiyo", na baada ya nusu saa watu wanaisahau.

Katikati ya hizo mbili zipo kamera ndogo za kidijitali kama Ricoh GR III au zile za Fujifilm X100. Shata yake ni ya ndani ya lenzi, kimya. Ukitumia ile shata ya kielektroniki isiyo na sauti kabisa chini ya tyubulaiti au taa za LED, unaweza kukuta mistari ya giza kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya 1/100 au 1/50, na mistari hupungua au kuisha.

Bibi hapendi kupigwa picha. Nimpige akiwa hajui?

Hapana.

Hili linaulizwa kwa namna nyingi, kwa hiyo nilifafanue. Kamera ndogo na shata tulivu ni vya kutowakatisha watu shughuli zao, si vya kuwaibia sura. Siku hiyo kila mtu ajue kwamba una kamera. Fika mapema, msalimie mwenye nyumba, iweke kamera mezani waione, waulize wazee kama kuna lisilotakiwa. Katika koo nyingi anayestahili kuulizwa si mwenye sherehe bali shangazi mkubwa au baba mkubwa. Yeye akisema "mwacheni apige", hutasumbuliwa tena. Akisema "chakula kisipigwe" au "watoto wale wasipigwe", basi hawapigwi, na huhitaji sababu.

Bibi mwenyewe mpe muda. Mkalie karibu, kamera ikiwa imelala mapajani. Wengi wanaokataa hukataa kupangwa na kuwashiwa taa usoni. Akiendelea kukataa, piga mikono yake ikichambua mlenda, kwa idhini yake.

Kitchen party je? Na upande wa wanawake kwenye shughuli za Kiislamu?

Kama wewe ni mwanaume, kamera iende, wewe ubaki. Mwekee dada yako lenzi kwenye umbali wa mita 2, shata 1/60, lenzi wazi kadiri inavyofunguka, umwambie asimame umbali wa hatua mbili na nusu kutoka kwa anayempiga. Na mkanda huo ukioshwa, apelekewe yeye kwanza auchambue. Usiuangalie kabla yake.

Kwenye msiba?

Familia iombe yenyewe. Wakiomba, ibaki kamera moja, bila flashi, mbali na kaburi na mbali na wanaolia. Mara nyingi kinachohitajika baadaye ni picha ya waliofika: ndugu wa Singida, wa Mpwapwa, wa Manyoni, ambao hawajawahi kukutana wote mahali pamoja. Hiyo piga mchana, baada ya chakula, watu wakiwa wamekaa vikundivikundi.

Vumbi na joto vinaharibu kweli?

Vumbi zaidi. Punje moja ndani ya kamera inachora mstari mrefu kwenye mkanda mzima. Badilisha filamu ndani ya nyumba au ndani ya mfuko, kamwe usiibadilishe uani upepo wa Septemba ukivuma. Beba pampu ndogo ya mpira ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki.

Joto: usiiache kamera kwenye dashibodi wala kwenye buti la basi. Filamu zisizotumika ziweke kwenye friji, na ukizitoa ziache saa moja hadi mbili kabla ya kufungua kopo ili zisitoe jasho.

Nimepata kamera ya mtumba. Nikague nini?

Fungua mgongo, uangalie sponji nyeusi za pembeni. Zikiwa zinanata kama lami, mwanga utaingia na zinahitaji kubadilishwa. Piga bila filamu kwa 1/15 na polepole zaidi, usikilize: shata ikikwama ni mafuta yaliyoganda. Mulika lenzi kwa tochi utafute ukungu. Fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu ya kijani. Kisha piga mkanda mmoja wa majaribio nyumbani. Usiipeleke harusini ikiwa hujaosha hata mkanda mmoja uliopigwa nayo.

Nitaosha wapi?

Filamu ya rangi huoshwa kwa dawa ya C-41, nyuzi joto 38, na inahitaji maabara au subira kubwa. Kama maabara unayoitegemea ina C-41 tu, nunua Ilford XP2 Super: ni nyeusi-na-nyeupe lakini huoshwa kwa dawa ileile ya rangi. HP5 Plus na Tri-X haziwezi.

Nyeusi-na-nyeupe ya kawaida unaosha mwenyewe jikoni: tangi, dawa kama D-76, fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga), kipimajoto, na mfuko mweusi wa kupakilia. Kipimo cha kawaida ni nyuzi 20, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu maji ya tangi la juu ya paa mwezi Novemba yana joto kuliko hayo. Weka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu, au fuata jedwali la kufupisha muda linaloendana na joto ulilonalo. Suuza ya mwisho tumia maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Maji ya kisima yakikaukia kwenye negativu huacha madoa meupe.

Nikisafiri na filamu?

Kwenye uwanja wa ndege zibebe mkononi na uombe zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, zile zinazopiga mzigo pande zote, huharibu filamu ambayo haijaoshwa, hata ya 400. Kwenye begi la kupakiwa usiziweke kabisa. Kwenye treni ya SGR au popote penye mashine ya mizigo, omba hivyohivyo kwa upole.

Maharusi wanataka picha mbele ya majengo ya serikali.

Usiinue kamera mpaka anayelinda aseme ndiyo. Akikataa, usibishane wala usipige kwa kificho. Hapa ndipo udogo wa kamera yako unapoweza kukuletea matatizo badala ya kukuondolea. Mashamba ya zabibu ya Hombolo yana mandhari nzuri zaidi, na mwenye shamba huombwa tu.

Naweza kuzirusha mitandaoni?

Zako, ndiyo. Za wengine, uliza kila mmoja, na za watoto muulize mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ukianza kulipwa kwa picha hizi isome kabla hujafungua ukurasa wa biashara.

Negativu nizihifadhi vipi?

Zikate vipande vya picha sita sita, uziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki maalumu ya negativu, usitumie mifuko ya kawaida ya nailoni. Andika kwa penseli juu ya bahasha kabla hujaweka negativu ndani: shughuli, mahali, mwaka, na majina ya waliomo kuanzia kushoto. Bati la biskuti lenye mfuniko unaobana linatosha. Hewa ya Dodoma ni kavu na ukungu hausumbui kama Tanga au Unguja, ila mvua zikianza Desemba hadi zinapokatika Aprili, lifungue mara kwa mara uangalie.